Anayetuita Ofisini Atuambie Anatuitia Nini

Kafyu iliondolewa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 2021, lakini ubishi kuhusu ofisi haukuondoka nayo. Kampuni na mashirika ya Nairobi yaliyowaruhusu watu wake kufanyia kazi nyumbani yamekuwa yakiwaita warudi, mengine kwa siku mbili kwa juma, mengine tatu, mengine zote tano, na kila waraka wa aina hiyo hupokelewa kwa nyoyo mbili. Mfanyakazi anayenung'unikia foleni ya Barabara ya Mombasa ndiye huyohuyo anayekiri kwamba nyumbani alikuwa amechoka kuzungumza na skrini. Waajiri wengi wameuona moyo huo wa pande mbili kuwa ni uvivu uliotafutiwa maneno. Nao wanaowatetea wafanyakazi huufunika upande mmoja, wakasema kila mtu anataka kubaki nyumbani. Naona wote wawili wanautupa ushahidi ulio mikononi mwao. Mfanyakazi anayesitasita amepiga hesabu yake vizuri: anajua ofisi inampa nini na inamnyang'anya nini. Mwajiri anayetaka kumrudisha ana wajibu wa kuonyesha kwanza siku hiyo ya ofisini ni ya kazi gani, na nani atakayeilipia.

Inafaa kukumbuka jinsi tulivyoondoka. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili tu baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta alifunga shule na kuwahimiza waajiri wawaache watu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma za lazima. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 ikaruhusiwa kubeba 8. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake ikatangazwa kufungwa, asiingie mtu wala asitoke. Katika haraka hiyo hakuna aliyeketi na mfanyakazi wakapiga hesabu. Stima iliyokuwa ikilipwa na kampuni ikawa juu yake, bando likawa juu yake, meza na kiti vikawa vyake, na mara nyingi meza yenyewe ni ileile ya kulia chakula. Kwa upande wa pili, nauli ikabaki mfukoni, na saa zilizokuwa zikipotea barabarani zikarudi kwa watoto na kwa usingizi. Gharama zilihama bila mkataba. Amri ya kurudi ilipofika zikahama tena, na safari hii pia hakuna aliyeulizwa. Ubishi tunaousikia leo unatokana na hesabu ambayo haijawahi kufungwa, na ndiyo maana hauishi kwa hotuba za mameneja kuhusu moyo wa kushirikiana.

Tuzichukue kwanza gharama za kwenda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kuishi au posho ya kutosha kulipia kodi. Kuhusu nauli haina sharti kama hilo. Watumishi wa serikali wana posho yao ya usafiri. Kwingineko mtu hutegemea chama imara, au bahati ya kupata mwajiri mwenye utu. Jambo hili lilivumilika miaka yote kwa sababu kila mtu alilipa na hakuna aliyepata kujua maisha bila malipo hayo yangekuwaje. Miezi ya kukaa nyumbani ndiyo iliyomwonyesha mfanyakazi kiasi gani cha mshahara wake kilikuwa kikiishia kwa makanga. Kisha wakati wa kurudi ukaangukia kipindi kibaya. Mwanzoni mwa mwaka 2020 lita ya petroli Nairobi ilikuwa kama shilingi 110. Septemba 2022, ruzuku ilipoondolewa, ikafika 179, na Septemba 2023 ikapita 211. Nauli hufuata bei ya mafuta kwa haraka inapopanda, na kwa kusuasua inaposhuka. Kwenye hati ya mshahara nako, makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaliongezwa Februari 2023, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ukaanza katikati ya mwaka huohuo. Mtu aliyeambiwa arudi ofisini siku tano kwa juma katika kipindi hicho alipunguziwa mshahara, hata kama tarakimu iliyo kwenye mkataba haikuguswa.

Gharama nyingine ni saa. Nairobi imekua kuelekea nje, kwenye Kitengela, Ongata Rongai, Ruiru, Juja na Mlolongo, kwa sababu huko ndiko mwenye mshahara wa kawaida anakoweza kumudu kodi ya nyumba yenye vyumba viwili. Ofisi zimebaki Upper Hill, Westlands na katikati ya jiji. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa umma Mei 2022, lakini ni barabara ya kulipia, na abiria wa matatu ya kawaida kwa kiasi kikubwa amebaki chini yake akiitazama. Anayeamka saa kumi alfajiri ili aitangulie foleni hahesabiwi saa hizo popote. Mwajiri huziona kuwa ni mambo ya binafsi ya mfanyakazi, kana kwamba mtu huyo alijichagulia kuishi mbali kwa kupenda mandhari.

Lakini nyumbani nako si peponi, na hapa ndipo watetezi wa kazi ya nyumbani huwa wepesi mno wa kunyamaza. Sensa ya mwaka 2019, iliyofanywa miezi michache tu kabla ya korona, ilikuta kwamba asilimia 8.8 tu ya kaya nchini Kenya ndizo zilizokuwa na kompyuta, iwe ya mezani, kipakatalishi au kishikwambi, na asilimia 17.9 ndizo zilizokuwa na intaneti. Mfanyakazi wa ofisi bila shaka yuko juu ya wastani huo, ila wastani huo unatuambia kitu kuhusu nyumba zetu: hazikujengwa kwa ajili ya kazi za ofisi. Karani kijana anayepanga chumba kimoja Pipeline au Kayole hufanya kazi kitandani, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto, na kelele za ploti nzima zikiingia kwenye mkutano wake. Stima hupotea bila taarifa. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Ofisini kuna jenereta. Kuna kiti kisichoumiza mgongo, kuna intaneti isiyohesabiwa kwa megabaiti, kuna choo kisichogombaniwa na wapangaji wanane. Mtu mwenye chumba cha kusomea Lavington akisema ofisi haina faida tena, anasema kweli kuhusu nyumba yake.

Kisha kuna yale yasiyosemwa kwenye mikutano. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa madarasa machache mwezi wa Oktoba, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Katika miezi hiyo kina mama wengi walifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, huku watu wa nyumba wakiwaona kuwa wapo tu, hawana kazi, kwa sababu hawakutoka mlangoni. Kwa mwanamke wa namna hiyo, basi la asubuhi lilikuwa pia njia ya kupata saa nane ambazo hakuna anayemwita jikoni. Na wapo ambao nyumbani hapakuwa salama kabisa. Julai 2020 Rais Kenyatta aliagiza Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kichunguze ongezeko la ukatili wa kijinsia na mimba za wasichana, agizo ambalo lisingetolewa kama kila mtu angekuwa akistarehe kwake. Ofisi kwa watu hao ni mahali pa kupumua. Sera yoyote inayomwambia kila mfanyakazi abaki nyumbani, ili kampuni ipunguze kodi ya jengo, inawaumiza hao kwanza, nao ni watu wasioweza kusimama mkutanoni wakaeleza sababu zao.

Moyo huu wa pande mbili haukuzaliwa na korona. Karibu miaka kumi kabla, kampuni ya usafiri ya Ctrip ya China ilifanya jaribio na wahudumu wake wa simu jijini Shanghai, likiongozwa na wachumi akiwemo Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford. Waliojitolea walichaguliwa kwa bahati nasibu, wengine wakafanya kazi nyumbani siku nne kwa juma, wengine wakabaki ofisini, kwa miezi tisa. Ufanisi wa wale wa nyumbani ulipanda kwa asilimia 13. Waajiri wanaodai kwamba mtu wa nyumbani hafanyi kazi yake wanapaswa kuitazama tarakimu hiyo. Ila matokeo mengine ya jaribio hilo ndiyo yanayonivutia zaidi. Jaribio lilipokwisha na watu wakapewa uhuru wa kuchagua, takriban nusu ya wale wa nyumbani waliamua kurudi ofisini. Walikuwa wameomba wenyewe kukaa nyumbani, walifanya kazi vizuri zaidi, na bado upweke uliwashinda. Tena, ukilinganisha watu wenye ufanisi sawa, aliyekuwa nyumbani alipandishwa cheo mara chache zaidi. Si hivyo tu: ili kushiriki mtu alitakiwa awe na intaneti ya kasi na chumba chake mwenyewe cha kufanyia kazi. Asilimia 13 ile, kwa hiyo, ni ya watu wenye chumba. Anayeinukuu Nairobi bila kukitaja chumba hicho hajaueleza utafiti wenyewe.

Faida kubwa ya ofisi, nionavyo, ni kwa anayeanza kazi. Wachumi Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais walichunguza wahandisi wa programu katika kampuni moja kubwa ya Marekani, wakalinganisha waliokaa jengo moja na wenzao na waliotenganishwa. Waliokaa pamoja walipata maoni na masahihisho mengi zaidi juu ya kazi zao, na waliofaidika zaidi ni vijana na wanawake. Utafiti huohuo ulionyesha upande usiopendeza: wale wakongwe waliokaa karibu na vijana walitoa kazi yao wenyewe kwa kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa muda wao ulikwenda kwenye kufundisha. Nadhani hapa pana kiini cha jambo. Kinachomfaa kijana ofisini ni mtu mwenye ujuzi aliye tayari kusimamisha kazi yake na kumwonyesha. Mwanasheria mchanga hujifunza kuandika barua ya madai kwa kuona ya kwake ikichorwa kalamu nyekundu na mtu aliyeketi karibu naye. Mhasibu hujifunza ni maswali gani mkaguzi atauliza kwa kusikia yakiulizwa. Mwanahabari hujifunza kupiga simu ngumu kwa kumsikiliza mwenzake akiipiga. Sasa hebu tutazame nyaraka nyingi za kurudi zinavyotekelezwa: vijana wanatakiwa wafike saa mbili kamili na kuweka alama ya kidole mlangoni, huku wakuu wao wakiingia mikutanoni kwa skrini kutoka nyumbani au kutoka uwanja wa ndege. Kijana anasafiri kutoka Ruiru ili aketi kwenye ukumbi wa ofisi na kuzungumza na mkubwa wake kwa vifaa vya masikioni. Amelipa gharama yote ya ofisi na hakupata kile pekee ambacho nyumbani hakikuwezekana. Mkubwa wa namna hiyo hana haki ya kuwalaumu vijana kwa kusitasita.

Kuna mapingamizi ambayo hayafai kupitwa. La kwanza, na zito kuliko yote, ni kwamba mjadala huu wote ni wa watu wachache wenye bahati. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini Kenya, nje ya kilimo kidogo, ziko katika sekta isiyo rasmi. Mama mboga, fundi wa jua kali na mhudumu wa bodaboda hawakuwahi kuulizwa kama wangependa kufanyia kazi nyumbani. Wauguzi walikwenda kazini katika miezi ya hatari kubwa. Hata ndani ya jengo la ofisi, bawabu na msafishaji waliendelea kufika wakati wale wa kompyuta wapo kwao. Pingamizi hili ni la kweli, nami nadhani linaipa hoja yangu nguvu zaidi. Tukikubali kwamba kufika mahali pa kazi ni gharama, na kwamba anayenufaika na kufika huko anapaswa kuichangia, basi wa kwanza kudai ni huyo msafishaji asiye na hiari hata ya siku moja, ambaye nauli hula sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake kuliko ya mhasibu yeyote. Chama cha wafanyakazi kinachopigania siku mbili za nyumbani kwa maafisa, kikawasahau waliokodishwa kupitia kampuni za usafi na ulinzi, kimeacha nusu ya kazi.

Pingamizi hilo lina upande wa pili: ofisi zikiwa tupu, anayeuza chapati na maharagwe Upper Hill anakosa wateja, na mng'arisha viatu wa Mtaa wa Kimathi naye vilevile. Ni kweli, na walioumia mwaka 2020 waliumia bila akiba wala bima. Sehemu ya fedha hizo ilihamia kwenye vibanda vya mitaani, Kitengela na Githurai, kwa wauzaji wengine wenye shida zilezile, ingawa hilo si faraja kwa aliyefunga kibanda chake. Siku tatu za ofisini zenye watu wengi zinaweza kumfaa muuzaji wa mjini, mradi azijue mapema. Kinachomuua ni kutojua kesho apike sufuria ngapi. Hata hivyo, sijapata kuona kampuni inayowataja wauza chakula kwenye waraka wa kurudi ikiwasaidia hao watu kwa njia nyingine yoyote, na maslahi yao hayafai kuwa kisingizio.

Pingamizi la pili ni la usimamizi: nitajuaje kwamba anafanya kazi nisipomwona? Kwa baadhi ya kazi swali hili ni la haki, hasa penye fedha taslimu au siri za wateja. Lakini meneja asiyeweza kueleza kazi ya mtu wake bila kumwona kitini alikuwa na tatizo hilo hata kabla ya Machi 2020. Kitu kilichomfichia ni koti lililotundikwa nyuma ya kiti. Jaribio jingine la kampuni ileile ya China, ambayo sasa inaitwa Trip.com, lilifanywa mwaka 2021 na 2022 kwa wafanyakazi 1,612, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024. Waliopewa siku mbili za nyumbani kwa juma waliacha kazi kwa kiwango kilichopungua kwa theluthi moja, na tathmini zao na vyeo vyao havikuathirika. Mameneja waliulizwa kabla na baada. Mwanzoni walitarajia, kwa wastani, kwamba mpango huo ungeshusha ufanisi. Ulipokwisha walisema umeuongeza kidogo. Walibadili mawazo kwa sababu waliuona ukifanya kazi. Nairobi si Shanghai, lakini mwajiri yeyote wa hapa anaweza kufanya jaribio kama hilo kwa miezi sita katika idara mbili, badala ya kutoa amri kwa kuhisi.

Wapo pia wanaosema kwamba mwenye kampuni ndiye mwenye kauli, asiyeridhika atafute kwingine. Katika nchi ambayo vijana wenye shahada huzunguka na bahasha miaka, maneno hayo ni ya kikatili, na hata sheria haiyaungi mkono moja kwa moja. Sheria ya Ajira inataka mkataba wa maandishi utaje mahali pa kazi, na masharti ya mkataba yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi kisha amwarifu kwa maandishi. Kushauriana si kupata kibali, ila si kutumiwa barua pepe Ijumaa jioni nako.

Siku za nyumbani nazo zinahitaji ukali uleule. Kazi ilipoingia nyumbani mwaka 2020 haikujua saa ya kuondoka. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mkubwa saa nne usiku ukawa jambo la kawaida, na wengi wanaotaka ofisi leo wanaitaka ili mlango wake ufungwe jioni. Ufaransa iliweka kisheria haki ya kujiondoa hewani tangu mwaka 2017. Hapa Kenya Seneta Samson Cherarkey alipendekeza mswada wa kumlinda mfanyakazi dhidi ya simu na ujumbe wa kazi baada ya saa, na Shirikisho la Waajiri likaupinga. Sikubaliani na shirikisho hilo. Mwajiri aliyeruhusu nyumba ya mtu iwe ofisi yake hawezi kukataa kutambua kwamba ofisi hiyo nayo ina saa ya kufunga, na kama dharura ni za kweli, malipo ya saa za ziada yatazipunguza haraka kuliko mswada wowote.

Waraka wa kurudi unaostahili kutiiwa kwa moyo, basi, haungekuwa mrefu. Ungetaja siku zenyewe na kwa nini ni hizo: Jumanne kwa sababu kazi za vijana zinapitiwa ana kwa ana, Alhamisi kwa sababu timu nzima inapanga kazi ya juma linalofuata. Ungewalazimu wakuu wa idara kuwepo siku hizohizo, kwenye ukumbi uleule. Ungeruhusu wanaotaka kuja siku zote tano waje bila kuulizwa kwa nini, na meza yao iwepo. Ungesogeza saa ya kufika hadi saa nne kwa wanaotoka mbali, jambo lisilogharimu kampuni shilingi hata moja. Na ungeweka kiasi cha nauli kwa kila siku ya lazima, kuanzia kwa wenye mishahara midogo, wakiwamo wale wa usafi na ulinzi waliokodishwa kwa mkataba wa nje. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kitakachopingwa zaidi, nami ndicho ningekitetea kwanza, kwa kuwa kinamlazimu meneja kujiuliza kabla ya kila mkutano kama mkutano huo unastahili nauli ya watu arobaini.